Kipimo cha Wifi

Mimi ni fundi cherehani. Kwa miaka 19 nimekata vitambaa vya watu hapa Moshi, na kazi hii imenizoesha kumtambua mtu anayejua kupima. Mtu wa namna hiyo haukimbilii mkasi. Hutandaza kitambaa mezani, hukitazama kinavyolala, hupima, hupima tena, huweka alama ya chaki, ndipo hukata. Nilimwona fundi wa aina hiyo mahali ambapo sikumtarajia, kwenye mbio. Miezi mitano nilikaa nyumba moja na mke wa kaka yangu alipokuwa akijiandaa kukimbia kilomita 42 na mita 195 kwa mara ya kwanza maishani, na hadi leo naikumbuka kazi ile nikiwa na chaki mkononi.

Wifi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana watoto watatu. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, wa kati sita, kitinda mimba hajatimiza mitatu. Kaka ni dereva wa lori. Leo yuko Dar es Salaam, kesho yuko njiani kwenda Rusumo, nasi tunamwona siku mbili kwa wiki, na kuna wiki hata hizo hazipatikani. Mama yetu yuko juu Kibosho, hushuka na mkungu wa ndizi anapotaka kuwaona wajukuu. Dada wa kazi hatuna. Nayasema haya mapema kwa sababu hicho ndicho kitambaa alichokuwa nacho wifi. Mkimbiaji wa kulipwa, awe kambini Iten au Arusha, hukimbia asubuhi, hula, hulala mchana, jioni hutoka tena. Usingizi wake ni sehemu ya kazi. Siku ya wifi ilikuwa imekwisha kugawiwa watu kabla hajaamka.

Jioni moja ya Oktoba alikuja kwenye meza yangu, akasogeza pembeni sare nilizokuwa nazikata, akafungua daftari la kaunta na kuchora mistari 20. Mstari mmoja wiki moja, mpaka Jumapili ya mwishoni mwa Februari, siku ya Kilimanjaro Marathon. Nilitegemea aanze kuandika kilomita. Aliandika kwanza siku za kaka kuwa nyumbani, wiki za mitihani shuleni, tarehe za kliniki ya mtoto, Krismasi ya Kibosho. Kisha akanigeukia.

"Wifi, nitajie siku ambazo huwezi kabisa kubaki na watoto. Zitakazobaki nitazipanga mwenyewe."

Nikamtajia. Januari kwangu ni msimu wa mavuno. Wazazi hukumbuka sare siku tatu kabla shule hazijafunguliwa, na cherehani haipoi. Akaizungushia Januari kalamu nyekundu. Nilianza kumheshimu hapo, kabla hajakimbia hata mita moja.

Kilomita ziliingia mwisho, kwenye mianya. Siku nne kwa wiki: Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa 10 na nusu alfajiri, arudi kabla ya saa 12 kuinjika chai na kuamsha watoto, Jumamosi ndiyo ya safari ndefu. Jumapili hakuigusa. Ni siku ya ibada, na mwili nao unahitaji siku ya kukaa kwenye benchi na kuimba.

Saa 10 na nusu bado ni usiku, na mwanamke peke yake barabarani gizani ni jambo la kupangiwa akili. Wifi hakujifanya shujaa. Alichagua kipande cha barabara chenye taa na maduka yenye walinzi, urefu wake mita 700, akawa anakwenda na kurudi. Safari tano za kwenda na kurudi ni kilomita 7. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, mzee mmoja mwenye koti refu, ndiye aliyekuwa akimhesabia.

"Shikamoo baba. Ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Hii ya nne."

Mwingine angekichoka kipande kile siku ya pili. Wifi alikipenda kwa sababu hakibadiliki. Alikuwa anajua nguzo ipi ya umeme ni mita 350, na akifika pale anaujua mwendo wake bila kuuliza saa. Kilikuwa futi yake, ile ninayoivaa mimi shingoni.

Sasa niseme juu ya mwendo wenyewe. Alikuwa anakimbia polepole mno. Jumatano moja nilisimama getini na mtoto mgongoni nikamtazama akipita: hatua fupi, mabega yameshuka, vidole vimelegea kama vya mtu anayepitisha kitambaa chini ya sindano bila kukivuta. Nilishangaa. Nilimwuliza aliporudi kama anaumwa. Akacheka, akasema hapana, ndivyo inavyotakiwa.

Waliosoma shule za Tanzania wanaujua mchakamchaka. Alfajiri, mistari miwili, mwalimu wa zamu nyuma, na nyimbo zinazopokezanwa kutoka mbele hadi kwa watoto wa mwisho. Tulikimbia bila kujua kwamba tunafundishwa kipimo. Wifi hana saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, au akilipitia somo la asubuhi hiyo kana kwamba darasa liko mbele yake, na akishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi katikati, anapunguza mwendo. Makocha wa nchi nyingi huwapa wanaoanza kipimo hichohicho: mbio nyepesi ni zile unazoweza kuongea ukiwa unakimbia.

Sababu iko ndani ya mwili. Misuli na ini huweka akiba ya sukari, na akiba hiyo, kwa mtu aliyekula vizuri, humfikisha kwenye kilomita ya 30 au karibu na hapo. Ikikwisha, miguu huzimika kama nyumba iliyokatiwa umeme. Mafuta ya mwilini ni mengi kuliko hiyo sukari, hata mtu mwembamba anayo ya kumtosha, ila huwaka taratibu. Sukari huwaka kama majani makavu ya mgomba. Mafuta huwaka kama gogo la mkahawa. Wiki nyingi za mbio nyepesi huuzoesha mwili kuota moto wa gogo na kuyatunza majani. Mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli. Moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Hakuna anayeyaona hayo kwa nje, na hayaharakishwi. Jambo jingine ni kwamba pumzi hupatikana ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi kukomaa. Ndiyo maana watu wengi huumia wakati ule ule wanapojisikia vizuri.

Yeye naye yalimpata. Novemba lori la kaka lilikaa gereji wiki mbili, kaka akawepo nyumbani, na wifi akaiona nafasi akaitumia yote. Kutoka kilomita 30 kwa wiki aliruka hadi 42. Siku ya nane ugoko wa kulia ulianza kumuuma, kwanza akianza kukimbia tu, halafu hata akitembea kwenda shuleni. Kosa lile nalifahamu sana. Mteja akileta kitambaa kirefu kuliko kawaida, mkono hujikuta unakata kwa ukarimu, na mwisho wa kazi shati linaning'inia.

Alikaa siku tisa bila kukimbia. Hakulalamika na hakutafuta dawa ya kuficha maumivu. Kilichonipendeza ni jinsi alivyorudi. Hakuendelea pale alipoachia. Alishuka chini yake, akaanza na kilomita 24, akafuta tarakimu zote za mbele kwa kifutio cha watoto na kuandika nyingine, ndogo, zikipanda kidogo kidogo, na kila wiki ya nne zikishuka ili mwili upumue. Daftari lile ninalo. Karatasi imechakaa kwa kufutwa.

Kisha ikaja Desemba, na Desemba ya Kilimanjaro ina mambo yake. Mabasi kutoka Dar es Salaam yanajaa, Wachagga wanarudi nyumbani, kila kihamba kinapata watu ambao hakijawaona mwaka mzima. Kuna nyama, kuna mbege, kuna vikao vya ukoo, kuna sufuria zisizokwisha kuoshwa. Mkwe wa nyumba hana likizo katika siku hizo. Wifi alikuwa ameliona hilo tangu Oktoba. Kwenye mistari ya wiki mbili za Krismasi aliandika "Kibosho", na chini yake kilomita chache tu.

Lakini kwenye hizo chache alifanya kazi ambayo mimi naiona ndiyo bora kuliko zote. Kilimanjaro Marathon inasifika kwa kilima chake. Nusu ya kwanza huenda tambarare upande wa barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini. Nusu ya pili hupanda kuelekea Mweka, kati ya migomba na mikahawa, kisha hugeuka na kushuka hadi kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Kila mtu huogopa kupanda. Wifi aliogopa kushuka. Unaposhuka, misuli ya mapaja huvuta breki huku ikirefuka, na kazi hiyo huichana ndani kwa ndani kuliko kupanda kunavyofanya. Mpandaji huchoka pumzi, na pumzi hurudi. Mapaja yaliyochanika kilomita ya 33 hayarudi siku hiyo. Habari njema ni kwamba misuli ikipata dozi ndogo ya kazi hiyo mapema, hupona ikiwa imara zaidi, na uimara huo hudumu kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo Kibosho alikuwa akiamka kabla ya wageni, anapanda njia ya shambani akitembea, halafu anashuka akikimbia. Hatua fupi, magoti yamelegea, hajiachii. Anapanda tena akitembea. Watu waliokuwa wanakwenda kukata majani ya ng'ombe walisimama kumtazama. Siku ya tatu mama alimkuta mlangoni akivua raba zenye tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, unafukuzwa na nani?"

"Hakuna anayenifukuza mama. Najiandaa na mbio za Februari."

"Na watoto je?"

"Wamelala. Maji ya kuoga wageni nimeyaacha mekoni kabla sijatoka."

Mama hakujibu. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akakuta maji yanachemka na kuni zimepangwa vizuri. Hakusema neno siku ile wala siku iliyofuata. Siku moja baadaye niliamka nikakuta bakuli la mtori limefunikwa pembeni ya moto, na mama akamwonya mjomba mmoja aliyelinyoshea mkono: hilo lina mwenyewe, hajarudi.

Januari joto lilishuka juu ya Moshi na mimi nikazama kwenye sare. Wifi alitimiza ahadi ya kalamu nyekundu. Hakuniomba hata asubuhi moja ambayo hatukukubaliana. Zaidi ya hapo, usiku watoto wakishalala, alikuja kukaa mkabala na mimi akashona vifungo, mashati kwa mashati, mpaka saa 4. Sikumwomba. Alikuwa amehesabu Jumamosi nilizokaa na watoto wake, naye akazilipa kwa vifungo, bila kusema kwamba analipa.

Katika mwezi huo alinipa na mimi kazi kwenye mbio zake. Raba alikwisha kuzinunua soko la Memorial, za mtumba, na nilikwenda naye kuziona zikichaguliwa. Alibonyeza soli kwa dole gumba kusikia kama inarudi juu. Soli iliyokufa hubonyea na kubaki hivyo, hata kama sehemu ya juu inang'aa kama mpya. Alitazama kisigino kimeliwa upande gani, akaziweka juu ya meza ya muuzaji kuona kama zimesimama sawa au zimepinda, akavaa zenye nafasi mbele ya kidole gumba kwa sababu mguu huvimba ukikimbia saa nyingi. Alirudisha jozi sita kabla ya kulipa. Muuzaji alikasirika, na mimi nilifurahi, maana ndivyo ninavyonunua kitambaa.

Nguo ndiyo ikawa yangu. Kila skintaiti aliyojaribu ilimchubua mapaja baada ya kilomita 15. Tulikaa tukaitazama nguo iliyomchubua, nami nikaona tatizo: mshono wa ndani umekaa pale pale ngozi inapokutana na ngozi, na umesimama kama ukuta. Nilimkatia nyingine, nikauhamisha mshono kwa mbele na kuulaza bapa kwa kuushona mara mbili, nikaweka mfuko mdogo kiunoni wa kubebea tende na chumvi. Juu yake sketi nyepesi, kwa sababu yeye ni mwalimu na hukutana na wazazi wa wanafunzi njiani. Alikimbia nayo kilomita 24 akarudi akaniambia neno moja, "imekaa". Fundi anajua uzito wa neno hilo.

Jumamosi yake kubwa kuliko zote, kilomita 30, ilikuwa mwishoni mwa Januari. Usiku wa Ijumaa yule mdogo alishikwa na homa kali. Wifi alikaa naye hadi alfajiri, asubuhi akampeleka hospitali, malaria ikapatikana, dawa ikaanza. Raba zilibaki nyuma ya mlango. Jumapili mtoto alikuwa na nafuu na mimi nikamwambia, nenda leo, nitakaa naye. Akakataa. Nikamwambia basi wiki ijayo uzifidie. Akakataa pia. Akachukua daftari, akapiga mstari mmoja juu ya ile 30, hakuihamishia popote. Wiki iliyofuata alikimbia 28 zilizokuwa zimepangwa, basi.

Nimewaona mafundi wazuri wakiharibu kazi kwa sababu ya kitu kidogo hiki. Umekata pungufu kwa sentimita mbili, unaanza kuvuta kitambaa ili kifike, na nguo nzima inapinda kwa ajili ya hizo mbili. Anayejua huacha pengo lionekane na kuendelea na sehemu nyingine. Kilomita 30 alizozikosa wifi hazikumdhuru. Kilomita 58 ndani ya siku saba, baada ya usiku usio na usingizi, zingemdhuru.

Jumamosi mbili za mwisho kabla ya kupunguza alitoka makusudi saa 1 asubuhi badala ya gizani, pamoja na kikundi cha mazoezi cha mtaani, akashika barabara ya TPC ambako jua halina huruma, ili mwili ulifahamu joto la saa 5. Alibeba maji yenye ndimu, sukari na chumvi kidogo, akinywa mafunda madogo. Maji mengi kupita kiasi nayo ni hatari kwa mkimbiaji wa saa nyingi, hushusha chumvi ya damu; hilo alilijua na aliwaeleza wenzake. Wiki tatu za mwisho akapunguza kilomita, akalala zaidi, akasahihisha madaftari.

Tanzania ina historia yake katika mbio hizi, na nadhani tunaisimulia vibaya. John Stephen Akhwari wa Mbulu tunamkumbuka kwa goti lililofungwa bandeji usiku ule wa Mexico City mwaka 1968, alipoingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Ni picha kubwa na inastahili. Lakini tumeufanya ujasiri wake uwe wa siku moja. Miaka miwili baadaye Akhwari huyohuyo alikuwa wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh. Mtu hawi wa tano kwa ujasiri peke yake. Juma Ikangaa alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, ile ya kwanza akizidiwa sekunde moja tu na Ibrahim Hussein wa Kenya, na katikati ya miaka hiyo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Nyuma ya kila moja ya siku hizo kuna maelfu ya asubuhi zilizopimwa. Hizo hazina picha.

Siku ya mbio nilipewa karatasi. Mbio zilianza saa 12 na nusu asubuhi, na wifi alikuwa ameniandikia saa za kupita kwake: kilomita 10, saa 1:43, nusu ya njia, saa 3:04, kilomita 30, saa 4:12, mwisho, saa 5:40. Alinikataza kukaa uwanjani. Alitaka mimi, kaka na watoto tusimame kwenye mlima wa Mweka, karibu na kilomita ya 30. Mama alitukuta huko huko akitokea Kibosho, na chupa ya chai.

Walipita kwanza wale wa mbele, wepesi kama hawakanyagi. Baada yao muda mrefu wa watu wa kawaida. Niliwaona vijana wenye vifua vipana, ambao bila shaka saa 1 walikuwa mbele sana, sasa wanatembea mikono kiunoni na macho chini. Nilimwona baba mmoja amekaa ukingoni anakanda paja lililokakamaa. Si kwamba walikuwa wavivu. Majani ya mgomba yalikwisha.

Saa 4 na dakika 14 nikaiona sketi niliyoishona. Alichelewa dakika mbili. Mabega yameshuka, vidole vimelegea, hatua fupi, sawasawa na Jumatano ile ya getini. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alipokaribia nikasikia: alikuwa anaimba. Mtoto mkubwa alimkimbilia akampa tende mbili, naye akazipokea bila kusimama, akageuza kichwa kunitazama.

"Wifi, mdogo amekunywa uji?"

"Amekunywa."

Akaendelea kupanda.

Alimaliza saa 5:42, kwa muda wa saa 5 na dakika 12. Najua hizo si tarakimu za gazeti. Lakini zigawanye vipande viwili uone. Nusu ya kwanza, ile ya tambarare, alitumia saa 2 na dakika 34. Nusu ya pili, yenye mlima na jua kali, saa 2 na dakika 38. Tofauti ni dakika nne. Mikono miwili ya gauni ikitofautiana kwa kiasi hicho, hakuna jicho la mteja litakaloiona. Mwanamke aliyekuwa hajawahi kukimbia umbali ule, mwenye ugoko uliowahi kuuma, mwenye Jumamosi moja iliyokwenda na malaria ya mtoto, alitoa kazi iliyonyooka hivyo. Jumatatu alishuka ngazi za baraza kinyumenyume kwa sababu ya mapaja, watoto wakamwiga wakicheka, na saa 1 na nusu alikuwa darasani.

Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida alipochukua dhahabu ya marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo, kwetu ilikuwa bado usiku. Wifi alikuwa macho, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai mezani kwangu. Tulimwona Simbu akikaa ndani ya kundi kilomita kwa kilomita, mpaka kwenye uwanja, mpaka hatua za mwisho, ndipo akampata Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Tofauti yao ni sehemu tatu za mia za sekunde. Simbu alikuwa amepata shaba London mwaka 2017. Dhahabu aliingoja miaka minane. Wifi hakupiga kelele. Alisema, "Umeona alivyojizuia?" Nami nilikuwa nimeona. Mwaka mmoja kabla nisingeona kitu.

Ukiwa Moshi Jumapili hiyo ya Februari, usikae uwanjani penye muziki na kurudi nyumbani wakishapita washindi. Panda barabara ya Mweka, tafuta kivuli, ungoje wanaokuja saa 4 na saa 5. Watazame mabega na vidole. Wengi wao jioni hiyo hiyo watapika, watafua, wataandaa sare za kesho. Nenda na ndoo ya maji safi na vikombe, maana jua la saa 5 ni kali, na mtu wa mwisho ana kiu kuliko wa kwanza.